Mama Amelala

Kwa miaka minne nililipwa na kanisa ili nikae mkekani na watoto na nisiwaulize swali lolote. Watu wa Kawangware waliponiuliza nafanya kazi gani niliwaambia nafundisha nasari, maana ukweli ungenichosha kuueleza. Mama mwenye nyumba yangu, aliposikia kwamba nashinda nikicheza na watoto wa watu na mwisho wa mwezi napewa mshahara, alicheka mpaka akashika mlango.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya kanisa, upande wa Kabiro, mahali ambapo zamani palitupwa viti vilivyovunjika. Kila Alhamisi daktari alikuja kutoka hospitali kubwa ya mjini. Alikuwa mwanamke wa hapa hapa, aliyekwenda ng'ambo kusomea mambo ya akili na mioyo ya watoto. Ndiye aliyetaka viti vitolewe na mkeka utandikwe. Vitu vya kuchezea vya dukani hakuvitaka. Alinituma niokote makopo ya mafuta ya kupikia, vifuniko vya soda, vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi wa cherehani, na magunzi ya mahindi, ambayo tuliyavisha nguo yakawa watu. Nje ya mlango kulikuwa na udongo mwekundu na debe la maji. Watoto hawakuhitaji kuelezwa kitu. Mtoto wa Nairobi akiona udongo, maji na kopo, anaanza kalongolongo, mchezo wa kupika, kuzaa na kwenda kazini. Mmoja anakuwa baba, mmoja anakuwa mama, na wadogo wanalazimishwa kuwa watoto hata wakikataa.

Usiulize, daktari aliniambia. Usimfundishe, usimsifu, usimkemee. Sema tu unachokiona, ajue uko naye, halafu uandike maneno yake kama alivyoyasema. Basi nilishinda nikitangaza kama mtu wa mpira redioni: sasa unawasha moto, sasa unapakua, sasa baba amenyimwa nyama. Mimi ni mtu wa mdomo. Nimezaliwa Machakos katika nyumba ya watu wanaojibizana toka asubuhi, na kunyamaza kulinitia maumivu ya kichwa. Kwa hiyo kwenye daftari langu nilipiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika maneno ya mtoto. Kulia niliandika maoni yangu, ambayo hakuna aliyeyaagiza. Daktari alipouona ule mstari aliniangalia kidogo, akasema maoni yana haraka yake. Nilidhani ananisifu.

Mtoto ninayemkumbuka kuliko wote aliletwa na mwalimu wa nasari iliyokuwa kwenye ua uleule wa kanisa. Alikuwa msichana wa miaka sita akielekea saba, mwembamba, na sweta ya kijani iliyofungwa kwa pini mahali pa kifungo. Kosa lake lilikuwa moja. Kila siku baada ya uji, watoto walipolazwa sakafuni wapumzike, alingoja wasinzie, kisha akapita kwa mmoja mmoja akiwafinya. Haikuwa kufinya kwa mzaha. Alitumia kucha, na hakuacha mpaka mtoto aamke akilia. Akishalia, alimwacha akaenda kwa mwingine. Wenzake walimwita siafu. Mwalimu alikuwa amemchapa, amemsimamisha kwenye kona, hata amemfunga mikono kwa leso, wapi.

"Huyu ana roho mbaya," mwalimu aliniambia, mtoto akisikia. "Wazazi wanataka aondoke. Nami nikiendelea kukaa naye, nitaondoka mimi."

Mamake alikuwa amehamia Kawangware mwaka uliotangulia, akitoka Soweto West kule Kibera. Alikuwa Mluhya, mtu wa Magharibi, na kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu Lavington. Mumewe alikuwa kibarua Nakuru, akionekana mwisho wa mwezi. Nilimwona mara ya kwanza alipokuja kumchukua mtoto. Macho yalikuwa mekundu. Aliegemea ukuta, na nikiwa katikati ya kumweleza habari za nasari, akasinzia wima. Mikono yake, toka kiwiko kushuka, ilikuwa na madoadoa ya damu iliyovilia, mengine mapya, mengine yamegeuka manjano. Nilimaliza kumhukumu kabla hajamfunga mtoto kamba za viatu. Kabiro ya siku hizo ilikuwa na pombe ya chang'aa karibu kila ploti, na sisi Wakamba wa kanisani tulikuwa na maneno yetu kuhusu wanawake wa Magharibi na mitungi yao ya busaa. Leo siyarudii.

Wiki tatu za kwanza mtoto hakusema neno. Alichota udongo, akapika, akamwaga, akapika tena. Nami nikatangaza. Wiki ya nne alichukua gunzi moja, akalifunga kitambaa cha buluu, akalilaza mkekani na kulifunika mpaka shingoni.

"Mama amelala," alisema.

"Mama amelala," nikasema.

Akaenda kukoroga uji wake wa matope. Akarudi, akapiga magoti. "Mama, amka. Amka unywe uji." Akalitikisa. Akalifinya pale ambapo mkono ungekuwa, akafinya tena, mpaka nyuzi za gunzi zikamwingia kwenye kucha. Uso wake haukuwa na hasira wala machozi. Ulikuwa uso wa mtu anayefungua kufuli iliyokwama.

"Sasa unamwamsha mama," nikasema.

"Mama hataki kuamka."

Akalifunika gunzi uso, akalisukuma chini ya debe na kwenda kunawa mikono. Alirudia mchezo huo kila alipokuja, bila kubadilisha hata neno. Upande wa kushoto niliandika kila kitu vizuri. Upande wa kulia niliandika: Mama mlevi. Analala mchana kutwa, mtoto anashinda akimwamsha. Anafinya wenzake kama anavyomfinya mamake akilewa. Niliusoma mwandiko wangu nikajiona mwerevu sana. Nilifikiri hata daktari asingeona upesi hivyo.

Daktari mwenyewe alikuwa amesafiri mwezi ule. Wazazi wa nasari walipozidi kulalamika, kamati ya kanisa iliomba daftari langu. Nililitoa bila kusitasita. Walisoma upande wa kulia, kwa kuwa ulikuwa mfupi. Wakaamua mtoto apelekwe katika makao ya watoto nje ya mji, akae huko mpaka mamake ajirekebishe. Mwenyekiti angempeleka kwa gari lake Jumatatu.

Mama aliitwa. Alikaa kwenye benchi mbele ya wazee watano na akina mama wawili, mikono kaikunja ndani ya leso. Aliambiwa aache pombe.

"Pombe gani?" aliuliza.

Akasema hanywi. Mzee mmoja akasema wote husema hivyo. Mama akageuka akaniangalia mimi, kwa sababu kati ya wote alinijua mimi tu, nami nikaangalia daftari.

"Mkimchukua huyu," alisema, "nitabaki na nani?"

Tuliona anajifikiria mwenyewe badala ya mtoto. Hata hilo nililiandika kulia.

Siku nne kabla ya hiyo Jumatatu, siku ya Alhamisi, baba yangu alikuja kutoka Machakos kupimwa macho. Hakuniambia anakuja. Aliuliza njia kwa watu mpaka akafika kanisani na kikapu cha mbaazi, akasukuma mlango wa chumba ambacho mtu mzima hakuruhusiwa kuingia mchezo ukiendelea. Mtoto alikuwa kazini na uji wake. Gunzi lilikuwa limelala.

"Mwaitu," baba alisema, yaani mama kwa Kikamba. Kisha akamwona mtoto, akahamia Kiswahili kama alivyozoea mbele ya wageni. "Samahani, Mama. Kumbe una mtu. Wacha nikae hapa mlangoni, sitasema kitu."

Mtoto aliacha kukoroga. Alimtazama baba yangu, na ndevu zake nyeupe, kisha akanitazama mimi.

"Huyu mzee ni mtoto wako?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu tujuane. Nilikuwa bado natafuta namna ya kulitangaza bila kulijibu, lakini baba hakujua sharti hata moja la daktari.

"Mimi ndiye nilimzaa," alimwambia. "Lakini ana jina la mama yangu. Kwa hiyo ni mama yangu. Nitamwitaje?"

Mtoto alifikiria jambo hilo. Halikumshangaza hata kidogo.

"Hata sisi tulikuwa na Mama," alisema. "Jina la nyanya wa nyumbani. Alikuwa hivi." Akaweka mkono kwenye kitovu chake.

"Yuko wapi?"

"Alilala."

Baba alikuwa bado ameshika kikapu. "Akaamka?"

"Hakuamka. Niliambiwa nisimwamshe, sikumwamsha."

Baba yangu ana magoti mabaya, lakini alishuka mpaka mkekani, akishikilia ukuta, na akakaa mbele ya mtoto.

"Pole," alimwambia. "Pole sana, mwanangu."

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa mbali na hana hakika kama ni yeye anayeitwa. Nadhani hakuna aliyewahi kumpa pole. Kwetu pole ya msiba hupewa mama, baba, nyanya, hata jirani aliyetoa viti. Mtoto hutumwa nje akacheze. Alishika lile gunzi, akampa baba yangu amshikie, na kwa mara ya kwanza mbele yangu akalia.

Niliona haya, na haya hiyo bado ninayo. Miaka thelathini na moja nilikuwa nikiitwa mama na mtu aliyenizaa. Nilikulia ndani ya neno hilo. Mtoto alikuwa ameniambia "Mama amelala" majuma mazima, na mimi, mimi kati ya watu wote, nikamtafuta mama huyo kwenye vibanda vya chang'aa.

Alasiri ile nilikwenda kwa mamake. Alikaa ploti ya mabati, vyumba kumi vikitazamana, na nilimkuta akianua nguo. Alipoona ni mimi hakunikaribisha wala hakunifukuza. Aliendelea kukunja.

"Nimekuja kukuuliza," nilisema. "Huyo Mama mdogo."

Alikunja shuka mpaka mwisho kabla ya kuketi. "Nani amekuambia?"

"Mtoto. Kwa nini wewe hukusema pale kwenye kamati?"

"Nani aliniuliza?"

Daktari alinikataza kumuuliza mtoto. Kutomuuliza mtu mzima nilijitungia mwenyewe.

Akanieleza, bila kupandisha sauti. Wakiwa bado Kibera, mtoto mdogo alikuwa na miaka miwili, akashikwa na surua. Alikesha akilia, alfajiri akapata usingizi, na mama akaona ni nafuu. Kule Lavington ukikosa siku moja unakuta mwingine ameshika beseni lako. Akamwambia dadake: usimwamshe Mama, alale apate nguvu, na mtu akipiga kelele mwambie anyamaze. Aliporudi saa sita alimkuta mkubwa ameketi mlangoni na vikopo vyake vya kalongolongo. Aliponyanyua mkono kusukuma mlango, mtoto akaweka kidole mdomoni, akamwambia, shh, Mama amelala. Majirani walisema alikuwa amenyamazisha ploti nzima tangu asubuhi.

"Nikaingia ndani," alisema. "Nilipotoka, nilimuuliza kitu. Nilimuuliza mara moja tu. Mbona hukumwamsha?"

Alivuta mikono ya blauzi yake. Yale madoadoa niliyoyajua yalipanda mpaka mabegani.

"Tangu siku hiyo haniachi nilale. Nikifumba macho ananifinya. Nikifumbua ananiacha. Sasa nimkataze, nimwambie nini? Si mimi ndiye nilimuuliza?"

Niliomba msamaha. Alisema sawa, kwa sauti ya mtu anayepokea kitu kizito na hana pa kukiweka. Kisha akaniuliza kama Jumatatu gari litakuja. Nilimwambia halitakuja, ingawa sikuwa na mamlaka yoyote juu ya gari lile.

Jumamosi niliiomba kamati ikutane. Mzee yuleyule aliniuliza, si wewe uliyeandika kwamba ni mlevi? Nikasema ndiye mimi. Akauliza sasa waamini lipi. Nikamwambia waamini upande wa kushoto, wote, toka ukurasa wa kwanza, na kama hawana muda wa kusoma basi nitawasomea. Niliwasomea. Mama amelala, Mama amka, Mama hataki kuamka. Safari hii walijua huyo Mama ni nani. Nilipofika katikati mwenyekiti alivua miwani, akasema inatosha, Jumatatu gari haliendi. Mwalimu wa nasari, aliyekuwa ameketi nyuma, alitoka nje bila kuaga. Baadaye nilimwona ukutani amejifunika uso kwa ile leso aliyomfungia mtoto mikono.

Daktari aliporudi alilisoma daftari akiwa amesimama. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema mama naye apewe kiti chumbani. Nami nikachukua raba nikafuta mstari wa katikati, kurasa zote. Maoni niliyaacha yaonekane.

Tukaanza mchezo mwingine, na safari hii mkubwa wa mchezo alikuwa mtoto. Mimi nililala mkekani. Nilifumba macho, akanifinya, nikafumbua. "Niko macho," nikamwambia. Nikafumba tena. Akanifinya, nikafumbua. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani na mkono wangu mwenyewe una madoa, na mama mwenye nyumba akaniuliza nimepigana na nani. Wiki ya pili daktari alimwonyesha mtoto kuweka kiganja mbele ya pua yangu asikie joto linaingia na kutoka. Akafanya hivyo, halafu akanifinya vilevile. Wiki ya tano aliweka kiganja tu. Baba yangu alimtumia mtoto salamu kwa barua, akimwita "yule mwenzangu mwenye Mama."

Mamake alikuja kila Alhamisi na kukaa kwenye kiti kimoja kizima tulichokuwa nacho. Alikaa wima akipigana na usingizi, kwa kuwa alijua akisinzia nini kitafuata. Siku moja, mvua ikinyesha juu ya mabati, alishindwa. Kichwa kilimwangukia kifuani, mkoba ukamteleza mapajani. Mtoto alisikia mkoba ukianguka, akaacha kupika.

Alisimama. Alimwendea mamake, akainua mkono, na vidole vyake vilikuwa tayari vimekunjwa. Akavikunjua. Akaweka kiganja mbele ya pua ya mamake na kukiacha hapo kwa muda mrefu, mpaka matope ya kwenye vidole yakaanza kukauka. Kisha akarudi kwenye vikopo vyake, akaketi mahali pa kumwona vizuri.

Mwalimu wa nasari alifungua mlango kuniomba makopo. Mtoto aliweka kidole mdomoni. "Shh," alisema. "Mama amelala." Mwalimu akafunga mlango polepole.

Tulingoja. Uji wa matope ulipoa, kama uji wa matope unapoa. Mvua iliisha, na mtoto hakuondoa macho kwenye kile kiti, wala mimi sikuondoa macho kwake. Ikapita saa moja, labda zaidi. Halafu mama akashtuka, akajifuta mdomo, akaangalia mikono yake kwanza, upande huu na upande huu. Haikuwa na alama mpya. Akamtafuta mtoto.

Mtoto alikuwa amekwisha kusimama mbele yake na kopo la uji.

"Umeamka mwenyewe," alimwambia.